Jukwaa usiku, kamera mchana: uchambuzi wa kisa cha mwigizaji mwenye mikataba miwili

Usuli

Mwigizaji wa kisa hiki tutamwita M. Jina lake, mji, majina ya kazi na ya kampuni yameondolewa. Vyeo vya watu vimebaki, maana bila kujua nani alikuwa na kazi gani, kisa hakieleweki.

M. alikuwa amefanya kazi ya jukwaani kwa miaka 14, karibu yote akiwa na kikundi kimoja cha kudumu kilichocheza michezo mitatu kwa zamu. Ukumbi wao una viti 420 na hakuna maikrofoni. Kutoka ukingo wa jukwaa hadi safu ya mwisho ni mita 22 hivi. Mwili wake ulikuwa umezoea umbali huo: konsonanti zimalizwe vizuri, kifua kielekee kidogo kwa watazamaji hata anapozungumza na mwenzake aliye pembeni, ishara ya mkono ishikiliwe mpaka kicheko kipungue. Aliwahi kuwa malkia, kijakazi mchekeshaji, bibi wa miaka 80 na mvulana wa miaka 12, na sifa ya kuweza kila uhusika ilimfuata. Mbele ya kamera, hata hivyo, alikuwa na matangazo mawili ya biashara na onyesho moja dogo la filamu. Hakuna aliyewahi kumfundisha kazi ya kamera.

Mwaka wa 15 alipata uhusika wa pili kwa ukubwa katika tamthilia ya televisheni ya sehemu 8: maonyesho 31, yaani vipande vya hadithi, yatakayorekodiwa kwa siku 23 ndani ya wiki 9. Wakati huohuo mchezo aliokuwa akiubeba jukwaani uliongezewa muda kwa sababu tiketi zilikuwa zinaisha. Kazi hizo mbili zingegongana kwa wiki 6. Pande zote mbili zilijua, na zote ziliridhia kwa maandishi. Hakuna aliyedanganywa wala aliyekiuka mkataba, na hapo ndipo kisa kinapofaa kusomwa.

Usaili

Kazi aliipata kwa video aliyojirekodi. Video ya kwanza wakala wake aliirudisha ndani ya saa moja. M. alikuwa amesimama mita tatu kutoka kwenye simu, mwili mzima ukionekana, na alitoa sauti ya ukumbini ndani ya chumba chenye kuta tupu, ikapasuka na kurudisha mwangwi. Aliyemsomea mistari ya upande wa pili alikuwa karibu zaidi na simu, kwa hiyo aliyesikika vizuri ni msomaji.

Ya pili ilirekodiwa hivi: simu kwenye kishikio, lenzi usawa wa macho, fremu kuanzia kifuani, ukuta wa rangi moja iliyopoa, mwanga wa dirisha ukimpiga usoni badala ya mgongoni, na msomaji amesimama bega kwa bega na lenzi akisoma kwa sauti ya chini. Blanketi zito liliwekwa sakafuni kupunguza mwangwi. Uigizaji haukubadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba sasa ulionekana.

Wiki ya kwanza: glasi ya maji

Onyesho la kwanza lilikuwa la watu wawili mezani, kurasa tatu za skripti, yaani dakika tatu hivi za picha. Mwongozaji alilirekodi kwa utaratibu wa kawaida: kwanza picha pana ya chumba chote, kisha picha za kati za kila mmoja, mwisho picha za karibu za uso. M. alikuwa na glasi ya maji, na ndiyo iliyoharibu kazi.

Jukwaani M. husifiwa kwa kutorudia kitu. Kila usiku hutafuta njia mpya, na mtazamaji wa usiku mmoja hana cha kulinganisha. Mezani alifanya vivyo hivyo. Katika picha pana alikunywa kabla ya kujibu. Katika picha ya kati aliinua glasi katikati ya sentensi. Katika picha ya karibu hakuigusa kabisa, kwa sababu wakati huo hisia ilimwambia asiiguse. Msimamizi wa mwendelezo, anayehakikisha vitu na matendo vinafanana katika kila picha, alimkumbusha mara mbili, akaitikia, halafu hisia ikampeleka kwingine tena. Kiwango cha maji nacho kilipanda na kushuka.

Siku ya tatu mhariri alituma ujumbe kwenye seti, yaani mahali pa kurekodi: onyesho haliungani. Akikata kutoka picha pana kwenda ya karibu, glasi inaruka kutoka mkononi hadi mezani. Teki (rekodi moja ya onyesho) nzuri kuliko zote ya uso wa M. haikutumika. Onyesho lilirushwa hewani kwa sehemu kubwa likiwa picha pana, na mtu asiyejua angedhani mwongozaji alichagua ubaridi kwa makusudi.

Kulikuwa na kosa la pili ndani ya onyesho hilohilo, nalo huwapata wengi wanaotoka jukwaani. M. alilia machozi halisi katika picha pana, saa mbili asubuhi. Picha yake ya karibu ilifikiwa saa saba mchana, baada ya mafundi kuhamisha taa na kumaliza upande wa mwenzake. Kufikia hapo hakuwa na kitu tena. Katika picha pana ile, uso wake ulichukua sehemu ndogo mno ya fremu, na machozi hayo hayakuonekana kwa yeyote.

La tatu lilikuwa la kipimo tu. Picha ya karibu ilipigwa kwa lenzi ya milimita 85, tundu la lenzi likiwa wazi karibu lote, kamera mita moja na nusu kutoka usoni. Kwa hali hiyo eneo linaloonekana kwa ukali ni takriban sentimita 3. Akiegemea mbele kwa ajili ya kusisitiza neno, kama alivyozoea, macho yanaingia ukungu na sikio ndilo linabaki kali. Msaidizi wa kamera anaweza kumfuata mtu anayeegemea pale alipoegemea wakati wa majaribio. Anayeegemea pengine kila teki hafuatiki.

Kilichorekebishwa kwenye seti

Mwongozaji alitaka kumpunguzia maonyesho. Msimamizi wa mwendelezo alipendekeza jambo la bei nafuu zaidi: nusu saa ya kukaa naye kila asubuhi wakati anapambwa. Wakaanza kufunga kila tendo kwenye neno. Pembeni ya skripti M. aliandika kwa penseli: "glasi, mkono wa kushoto, kwenye KESHO, mezani kabla ya HAPANA, macho juu baada ya HAPANA, si wakati wake." Matendo yakapunguzwa. Onyesho lililokuwa na matendo 11 ya mikono likabaki na manne, na manne hukumbukika.

Kwa upande wa hisia, walikubaliana na mwongozaji kwamba maonyesho mazito uso wake urekodiwe kwanza kila taa zinaporuhusu. Pale isipowezekana, picha pana anaicheza kwa matendo yaleyale kamili lakini nguvu ya ndani akiiweka akiba. Baadhi ya waongozaji hawaupendi ushauri huu, wakisema mwigizaji anajifunza kudanganya. Kwetu sisi hoja hiyo haina uzito: mwenzake aliye mbele ya kamera alipata kila kitu kutoka kwake hata yeye asipokuwa kwenye fremu, na hicho ndicho kipimo cha uaminifu kwenye seti.

Sauti ilichukua muda mrefu zaidi. Maikrofoni ya kubandika kifuani ilikuwa sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni. Akitoa sauti ya mita 22, fundi sauti anashusha kiwango ili isipasuke, kisha mstari unaofuata wa kunong'ona unazama kwenye mvumo wa chumba. Maneno ya "punguza sauti" hayakumsaidia, kwa sababu alipopunguza sauti alipunguza na nguvu, uso ukafa. Lililomsaidia ni agizo la mwongozaji msaidizi: ongea na mtu huyu mmoja, aliye umbali huu, na usitake mwingine yeyote asikie. Nia ikabaki ileile, umbali ukabadilika.

Viola Davis, mwigizaji wa Marekani, ni mfano unaojulikana wa jambo hili. Uhusika uleule alioucheza jukwaani Broadway, New York, na kupewa tuzo ya Tony mwaka 2010 aliurudia kwenye filamu, akapewa Oscar mwaka 2017. Aliyeona kazi zote mbili hawezi kusema mmoja ni mhusika mkubwa na mwingine mdogo. Anayetazamwa ni mwanamke yuleyule, kwa umbali tofauti.

Hadithi iliyokatwakatwa

Jukwaani M. hupanda mlima wa mchezo kuanzia chini kila usiku. Kwenye tamthilia, onyesho la mazishi lilirekodiwa siku ya pili, na la kukutana na marehemu kwa mara ya kwanza likarekodiwa siku ya 19. Hilo ni jambo la ratiba: maonyesho yote ya nyumba moja hurekodiwa pamoja ili vifaa visihamishwe mara mbili.

Alitengeneza jedwali kwenye daftari, mstari mmoja kwa kila onyesho kati ya yale 31, likiwa limepangwa kwa mfuatano wa hadithi wala si wa kurekodi. Safu zilikuwa tano: namba ya onyesho, siku ya hadithi, anachojua mhusika kufikia hapo, anachoficha, na hali ya mwili, kwa mfano "hajalala siku mbili, mkono wa kulia umefungwa bandeji". Usiku wa kuamkia siku ya kurekodi alisoma mstari husika, mmoja kabla yake na mmoja baada yake. Safu ya "anachojua" ilimwokoa mara mbili. Katika sehemu ya tatu alikaribia kumtazama shemeji yake kwa shaka, wakati siri ya shemeji inafichuka sehemu ya tano.

Kwa mwigizaji anayeanza kamera, jedwali hilo lina faida kuliko kukariri skripti nzima kwa mara ya pili.

Wiki za kugongana

Mkataba wa tamthilia ulisema M. ataachiwa seti kabla ya saa 10 jioni siku zenye onyesho la jukwaani. Mkataba wa ukumbi ulisema afike saa 12:30 jioni, saa moja kabla ya pazia. Kwenye karatasi kulikuwa na saa mbili na nusu za kusafiri, kula na kupumzika. Kila aliyesoma mkataba mmoja aliona nafasi ya kutosha.

Siku halisi ilikwenda hivi. Saa 10:30 alfajiri anaamka. Saa 12 asubuhi anaripoti seti na kuketi kwenye kiti cha mapambo. Saa 10 jioni anaachiwa. Saa 12:30 jioni yuko ukumbini, anapasha sauti na mwili. Saa 1:30 usiku pazia, saa 3:50 mchezo unaisha. Saa 4:20 ameshavua wigi na kusafisha uso, saa 5 yuko nyumbani, saa 6 analala. Usingizi ni saa nne na nusu. Kati ya kumaliza kazi moja usiku na kuripoti nyingine asubuhi kulikuwa na saa 8 pungufu kidogo, na ndani yake mna safari mbili.

Kwa kulinganisha, agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2003 kuhusu muda wa kazi linataka saa 11 mfululizo za mapumziko katika kila saa 24. Tamthilia ilimpa saa 14 za mapumziko kati ya siku moja ya kurekodi na nyingine. Ukumbi ulimpa zaidi ya saa 20 kati ya onyesho la usiku mmoja na la usiku unaofuata. Kila upande uliheshimu mapumziko yake. Tatizo ni kwamba mapumziko ya upande mmoja ndiyo yalikuwa saa za kazi za upande wa pili, na hakukuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kujumlisha.

Siku za mapumziko zilikuwa mbaya zaidi. Mchezo ulikuwa na maonyesho 7 kwa wiki: moja kila usiku kuanzia Jumanne hadi Ijumaa, mawili Jumamosi, moja Jumapili. Siku huru ya ukumbi ni Jumatatu. Siku huru za seti ni Jumamosi na Jumapili. Jumatatu tano kati ya sita alipangiwa kurekodi. Katika siku 42 ratiba ilimpa siku moja nzima bila kazi.

Nywele nazo zilileta mvutano, ingawa huu uliisha vizuri. Tamthilia ilitaka akate nywele fupi kuanzia sehemu ya tano, na mchezo ulimtaka mwenye nywele ndefu. Mkataba wa kamera, kama ilivyo kawaida, ulimkataza kubadili mwonekano mpaka marudio ya mwisho yarekodiwe. Uamuzi ulikuwa mwepesi mara ulipowekwa mezani: nywele halisi ziende kwenye kamera, wigi liende jukwaani. Wavu wa wigi kwenye paji la uso huonekana katika picha ya karibu, lakini safu ya kwanza ya ukumbi iko mita nne na haiuoni. Gharama ya wigi la kupimwa kichwani ililipwa na tamthilia, kwa kuwa ndiyo iliyotaka mabadiliko. Wakala alilidai hilo kabla ya mkasi kugusa nywele, wakati bado ana cha kushikilia.

Sauti inakatika

Alhamisi ya wiki ya nne ya mgongano M. alirekodi onyesho la kumwita mtu anayeondoka na gari. Ni nje, kuna upepo na jenereta. Teki 14, zote kwa sauti kamili. Jioni akacheza mchezo wa saa mbili na dakika ishirini.

Ijumaa hakurekodi. Asubuhi sauti ilikuwa na mikwaruzo, akaanza kunong'ona ili kuitunza. Mchana alinyonya vidonge vya kuganzisha koo. Yote mawili ni makosa yaliyozoeleka. Kunong'ona kunaweza kuzikaza nyuzi za sauti badala ya kuzipumzisha, na dawa ya kuganzisha inanyamazisha maumivu, yaani inazima taa ya hatari bila kugusa kilichoiwasha. Kufikia katikati ya sehemu ya kwanza ya mchezo noti za juu zilikuwa zimekwisha, na akaanza kusukuma kwa shingo.

Wakati wa mapumziko msimamizi wa jukwaa alimwambia hataendelea. M. alikataa. Alikuwa hajawahi kukosa onyesho kwa miaka 14, na alijua mwigizaji wa akiba alikuwa amepitia mchezo mzima mara moja tu. Msimamizi alisimama kwenye kanuni ya kikundi: noti zimepotea na kuna maumivu, basi mwigizaji hatoki tena usiku huo. Pazia lilichelewa dakika 12 na mwigizaji wa akiba akaingia, skripti ikiwa nyuma ya kiti cha jukwaani kwa onyesho la mwisho.

Daktari wa masikio, pua na koo alitazama nyuzi za sauti kwa kamera Jumamosi asubuhi. Zilikuwa zimevimba pande zote mbili, hazikuvuja damu. Aliagiza siku nne za kimya kamili, mawasiliano kwa kuandika. Kisha kuongea kwa dakika chache kila saa. Kisha mazoezi ya kupuliza sauti kupitia mrija mwembamba uliozamishwa kidogo kwenye maji kabla ya kurudi kwenye mistari. Kama kungekuwa na damu, kimya kingekuwa kirefu zaidi na hatari ya kovu ingekuwepo. M. alikosa maonyesho 7 na ile nusu ya Ijumaa.

Maamuzi ya wiki hiyo

Seti ilikuwa na siku mbili za M. ndani ya kipindi cha kimya. Mtayarishaji angeweza kuahirisha. Badala yake mwongozaji msaidizi alipanga upya: maonyesho yasiyo na maneno ya M. yakaletwa mbele, na kwenye mazungumzo wakarekodi upande wa mwenzake, kamera ikiwa nyuma ya bega la M. aliyekuwa kimya huku mtu mwingine akisoma mistari yake. Siku zote mbili zilitumika.

Sauti ya teki zile za kupiga kelele ilitupwa karibu yote, kwa sababu upepo na jenereta vilikuwa vimeshinda sauti. Wiki ya 12 M. aliingia studio, akatazama midomo yake kwenye skrini na kurudia maneno kwa teki tatu. Hili lingeweza kujulikana mapema: fundi sauti alikuwa ameonya baada ya teki ya pili kwamba sauti ya hapo haitatumika. Onyo lilimfikia mwongozaji, halikumfikia M. Angelijua, angetoa sauti kamili kwenye picha ya karibu peke yake, ambapo mishipa ya shingo inaonekana, na nusu sauti kwenye picha pana zote. Teki 14 zingekuwa tatu au nne za kweli.

Baada ya hapo mabadiliko matatu yalifanyika kwa wiki mbili zilizobaki. Jumatatu zikaachwa huru. Muda wa kuachiwa seti ukawa saa 8 mchana kwa siku zenye onyesho. Na siku yenye onyesho la kupiga kelele isifuatwe na jukwaa jioni hiyo. Onyesho hilo liwekwe siku isiyo na jukwaa au lisirekodiwe. Madai haya mawili ya mwisho yangepingwa mwezi mmoja nyuma. Baada ya ugonjwa yalipita kwa simu moja, na wakala aliyaandika kama nyongeza ya mkataba usiku huohuo, kabla huruma haijapoa.

Kifungu cha msimu wa pili

Kurekodi kulipoisha, tatizo jingine lilikuwa limelala kwenye mkataba. Kampuni ya tamthilia ilikuwa na haki ya kumwita M. kwa misimu miwili zaidi, na ilikuwa na miezi sita baada ya sehemu ya mwisho kurushwa ili iamue. Katika kipindi hicho M. alipaswa kuipa kipaumbele cha kwanza. Mwezi wa tatu ukumbi mkubwa ulimpa uhusika mkuu ambao mwigizaji husubiri kwa miaka. Mazoezi yangeanza mwezi wa saba. Kampuni haikuwa tayari kumwachia wala kumthibitisha. Uhusika ukaenda kwa mwingine.

Mvutano wa aina hii ni mkongwe. Mwaka 1944 mwigizaji wa filamu Olivia de Havilland alishinda kesi dhidi ya Warner Bros. huko California, pale studio ilipotaka kumrefushia mkataba kwa kuongeza muda aliokuwa amesimamishwa. Mahakama ilisema kikomo cha kisheria cha miaka 7 ni miaka 7 ya kalenda. Lakini uamuzi ule unaweka kikomo cha nje tu. Ndani ya kikomo hicho mwigizaji bado anaweza kukaa miezi sita akingoja simu bila kulipwa.

Kwa msimu wa pili, wakala alipata vifungu hivi: kampuni iamue ndani ya siku 60; ikitaka muda zaidi, ilipe ada ya kumshikilia; tarehe za kurekodi zitolewe siku 90 kabla; na M. aruhusiwe mchezo mmoja wa jukwaani kwa mwaka, usiozidi wiki 10, ambao tarehe zake kampuni ikishazipokea kwa maandishi inalazimika kuzikwepa. Saa za mapumziko zilihesabiwa upya: saa 11 kati ya kumaliza kazi yoyote, ya upande wowote, na kuripoti seti. Neno "yoyote" ndilo lililobishaniwa kwa wiki mbili.

Matokeo

Mchezo ulimaliza muda wake. Tamthilia ilipata msimu wa pili, na M. akaongezewa maonyesho kutoka 31 hadi 44. Tofauti kati ya sehemu ya kwanza na ya nane inaonekana kwa jicho la kawaida: ya kwanza mhariri anamkimbia, ya nane anakaa usoni mwake sekunde 40 bila kukata. Uhusika mkuu wa ule ukumbi mkubwa haukurudi. Nyuzi za sauti zilipona, na sasa daktari huzitazama kila miezi sita.

Uchambuzi

Waliomzunguka walilimaliza jambo kwa methali: mshika mbili moja humponyoka. Ukiangalia kwa makini haikuwa hivyo. Ufundi wa kamera, ambao kila mtu alidhani ndio utakaomshinda, ulikuwa umekaa sawa kufikia wiki ya tatu. Ulirekebishwa kwa vitu vidogo: penseli, jedwali, matendo machache, umbali sahihi. Alichokuwa nacho M. kutokana na jukwaa, yaani uwezo wa kusikiliza mwenzake na kubeba onyesho refu bila kukatwa, kilimfaa moja kwa moja. Kilichoanguka ni hesabu, na hesabu haikuwa kazi ya kipaji chake.

Msimamizi wa mwendelezo ndiye aliyeokoa kazi hii kuliko yeyote, naye hakuwa na wajibu wa kufundisha mtu. Kampuni iliyoajiri mwigizaji wa jukwaani ingepaswa kumpa siku moja ya majaribio na kamera kabla ya kuanza. Siku hiyo ingegharimu pungufu ya onyesho lililoharibika.

Msimamizi wa jukwaa alifaulu kwa sababu kanuni ilikuwepo kabla ya dharura. Kama angelazimika kubishana na nyota wa mchezo kwa hoja za usiku ule, angeshindwa. Kikundi chenyewe hakina sifa hapo: mwigizaji wa akiba mwenye zoezi moja, katika mchezo ambao mhusika mkuu anafanya kazi mbili, ni uzembe.

Wakala alikuwa mzuri kwenye nywele na dhaifu kwenye saa, na sababu ni kwamba nywele zinaonekana. Angeandika wiki moja ya M. kwenye karatasi moja, mikataba yote miwili ikiwa pamoja, saa nne na nusu za usingizi zingejitokeza zenyewe kabla ya sahihi. Karatasi hiyo haihitaji mwanasheria: safu saba za siku, mistari 24 ya saa, rangi moja kwa kila mwajiri, na safari zipakwe rangi ya mwajiri anayeelekewa.

Hata vifungu vipya vina tundu. Siku za kutangaza tamthilia, yaani mahojiano, picha za mabango na safari za uzinduzi, hazikuingizwa kwenye ule mstari wa saa 11, kwa kuwa kampuni inaziita "shughuli" wala si kazi. Msimu wa pili zilifika siku 9, tatu kati yake zikiwa asubuhi baada ya onyesho la usiku. Wakala anazidai kwa mazungumzo ya msimu wa tatu, na pendekezo lililopo mezani ni kuzihesabu kama nusu siku ya kurekodi kila moja, saa zake za mapumziko zikiwemo.